Kungoja Mtutu Upoe

Kwa miezi saba nilikuwa mtu pekee katika uwanja wetu wa kulenga shabaha aliyekuja na kipimajoto. Kilikuwa cha kuelekeza kwenye paji la uso, kile ambacho wakati wa korona kila askari wa mlangoni alikuwa nacho. Baada ya kila risasi kumi niliiweka bastola ya klabu mezani, magazini nje, chemba wazi na tupu, mdomo ukielekea tuta la udongo, kisha nikapima mtutu. Kifaa cha paji la uso hakikutengenezwa kupima chuma. Kilifika mwisho wa kipimo chake, kikakataa kutoa namba, kikaandika "Hi."

"Angalau kuna mtu anakusalimia," mwanachama mmoja akaniambia, na wenzake wakacheka. Nilicheka pia, nikachelewa kidogo. Wiki iliyofuata nilikuja na kipimajoto cha waoka keki.

Uwanja uko kando ya barabara ya Namanga, kati ya Kitengela ninakoishi na mji wa Kajiado, mahali penye nyasi fupi, vumbi na upepo usiochoka. Kulenga nilijifunza mwenyewe, kwa video, kabla ya kujiunga. Mtu aliyejifunza mwenyewe huwa na hofu kwamba kuna jambo moja ambalo wengine wote waliambiwa, na yeye siku hiyo hakuwepo. Nilipoona risasi zangu zikishuka chini kushoto kuanzia raundi ya pili, niliamua kwamba jambo hilo ni joto. Nikanunua daftari. Niliandika joto la mtutu, upande wa upepo, na dakika za kupoa. Siku moja nilijaribu kuharakisha mambo kwa kitambaa chenye maji baridi. Jumamosi iliyofuata palikuwa na madoa ya kutu, nami nikaomba msamaha mara nne, mpaka mkufunzi akasema inatosha.

Kivulini, mtutu ulichukua kama dakika kumi na mbili kufikia hali ambayo ningeweza kuugusa. Wenzangu walipiga raundi zao, wakamaliza, wakaenda kwenye kibanda cha chai. Kutoka mezani niliwasikia wakitaniana kuhusu mabwawa yao yaliyokauka na mashemeji zao. Mimi nilibaki nikilinda chuma kinachopoa. Nilipomaliza raundi ya tano, wao walikuwa wanawasha magari.

Kisha ikatangazwa kwamba watachaguliwa wanne wa kwenda kushindana upande wa Magadi, wote katika gari la mwanachama mmoja. Nilitaka kushinda, ndiyo. Lakini nikisema ukweli, nilitaka zaidi kiti katika hilo gari: safari nzima nimebanwa kati ya watu wawili, mtu ananipitishia njugu bila kuniuliza kama ninataka. Shida ni kwamba mchujo ulikuwa raundi tano mfululizo, bila kupumzika.

Nilimwendea mkufunzi kuomba niruhusiwe kungoja kati ya raundi. Ni mstaafu wa jeshi kutoka Mashuuru, na sote tunamwita afande. Nilimpa daftari. Alivaa miwani akalisoma ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo sikulitarajia, na ambalo lilinitia aibu zaidi kuliko kama angelitupa.

"Hii yote umeandika peke yako?" akauliza.

"Ndiyo, afande."

Alitoa bastola yake mwenyewe, iliyokuwa bado haijapigwa siku hiyo, akanipa niguse mtutu. Ulikuwa baridi. Akaniambia nipige kumi. Kumi zote zilikwenda chini kushoto. Kisha akachukua ile ya klabu, ambayo nilikuwa nimetoka kuipiga na haijapoa hata kidogo, akapiga tano. Ungeweza kuzifunika kwa kisahani cha chai.

"Nakerai," akasema, kama Wamaasai wanavyomwita mtoto wao, "mtutu ukiwa moto, chunga usikuchome, na usiache risasi ndani. Ni hivyo tu. Kwa mita kumi haukuibii kitu. Mkono wako ndio unachoka, halafu unavuta kwa hofu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miezi yote hiyo.

"Kila nikikaribia uko na kipimo chako. Nilidhani hutaki mtu."

Nikachukua daftari langu. Ndani yake kulikuwa na kurasa ambazo hakuzielewa, na mimi nilizielewa. Katika kurasa hizo, raundi za kwanza, zilizopigwa mtutu ukiwa baridi kabisa, nazo zilikwenda chini kushoto. Pembeni nilikuwa nimeandika: upepo. Nilijua. Si siku ya kwanza, lakini nilijua mapema kuliko nilivyopenda kukiri. Kungoja kulinifaa. Mtu anayengoja mtutu upoe haulizwi kwa nini haji kunywa chai.

Siku ya mchujo niliacha kipimajoto nyumbani. Nilipiga hamsini bila kusimama. Mtutu ulipata moto, mafuta yakatoa moshi mwembamba, na nilijitahidi kuvuta polepole kama afande alivyonielekeza. Nikawa wa tano.

Jumamosi ya mashindano nilikuwa chumbani kwangu Kitengela, simu mkononi. Picha zilianza kuingia kwenye kundi la klabu: wanne hao wamesimama kwenye mawe, nywele zimejaa vumbi, mmoja amefumba macho. Walikuwa wa pili. Niliandika pongezi, nikazifuta. Niliandika tena, ndefu zaidi, nikaona zinaonyesha wivu, nikafuta. Mwishowe nilituma ujumbe moja kwa moja kwa yule wa nne, aliyenipita kwa pointi mbili: Hongera, ulistahili.

Jibu lilikuja haraka. "Asante sana. Naongea na nani?"

Miezi saba, na namba yangu hakuwa nayo. Nikaandika: Ni yule wa kupima joto.

Jibu halikuja. Nilijiambia kwamba lazima wako njiani kurudi, wameanza kupanda kuelekea Kona Baridi, na mtandao umekatika. Nilikuwa hata nimeanza kuhesabu ni dakika ngapi zitapita kabla hawajafika juu, penye mtandao, nikahisi mwili unatulia, utulivu ule ule wa mezani, wa kungoja mtutu upoe. Nikaufahamu.

Nilibonyeza namba yake nikaweka simu sikioni. Ikaita.