Bahasha Sabini na Nne za Sista Imakulata

Kabati la zahanati lina droo tatu. Ya juu ina glavu na pamba. Ya kati ina kadi za chanjo. Ya chini, hadi Agosti mwaka jana, ilikuwa na bahasha sabini na nne zilizofungwa kwa gundi, na ndani ya kila bahasha mlikuwa na majibu ya kipimo cha vinasaba cha mtoto mchanga. Hakuna mzazi hata mmoja aliyekuwa ameyaona.

Muuguzi Imakulata Tadeo, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ndiye aliyewachoma watoto hao visigino. Zahanati yake ni ya serikali, iko chini ya milima ya Amani, na yeye alizaliwa kilomita chache kutoka hapo, katika kambi ya wakata mkonge. Baba yake alitoka Songea kwa mkataba wa miaka miwili, hakurudi tena. Mdogo wake, Zebedayo, alikufa akiwa na miaka saba, baada ya kulia mifupa tangu alipoanza kutembea. Kambini walisema amelogwa. Hospitali walisema malaria. Miaka mingi baadaye, akiwa chuo cha uuguzi, Imakulata alisoma ukurasa mmoja kuhusu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, akafunga kitabu, akatoka nje ya darasa.

Kwa hiyo mradi wa kuwapima watoto wachanga ulipokuja, yeye ndiye aliyeupokea kwa mikono miwili. Maelezo yalikuwa mepesi: siku ya pili baada ya kuzaliwa, mtoto atolewe matone matano ya damu kisiginoni. Damu ikaukie kwenye karatasi nzito, ipelekwe maabara, isomwe vinasaba. Atakayekutwa na kinasaba cha selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili aanze penisilini kabla ya miezi mitatu, kwa sababu kinachoua watoto hao mapema ni maambukizi, na penisilini huyazuia. Kwa mara ya kwanza sayansi hiyo ilikuwa inakwenda kwa watoto wa wakulima, bure.

Fomu iliuliza: "Unaishi wapi?" Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Katika vijiji vile, kama sehemu kubwa ya pwani, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama. Binti hurudi nyumbani kwao mimba ikiwa kubwa, anajifungua, analelewa siku arobaini, kisha anarudi kwa mumewe. Ukimuuliza siku ya pili anaishi wapi, atakutajia kijiji cha mama yake, na hatakuwa amesema uongo. Majibu yalichukua wiki saba kurudi. Siku arobaini hazifiki hata wiki sita.

Imakulata aliliona hilo mwezi wa kwanza. Alianza kuandika kwa penseli, ukingoni mwa kila fomu, mahali anapokaa mume: Pangani, Mkinga, Handeni. Fomu zilipitishwa kwenye mashine ya kunakili katika ofisi ya mradi, Raskazone, na mashine ilikata ukingo. Aliandika barua mbili kueleza. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba fomu imeidhinishwa na haiwezi kubadilishwa katikati ya utafiti.

Bahasha hazikuruhusiwa kufunguliwa isipokuwa na mshauri wa mradi, mbele ya mzazi. Mshauri alikuja mara moja kwa mwezi. Aliruhusiwa kupiga tu namba iliyo kwenye fomu, ambayo ni ya bibi. Bibi akajibu, "Hayupo, karudi kwa mumewe." Mshauri akaandika "Hakufika." Mara tatu "Hakufika," faili likafungwa. Kisha mkataba wa mshauri ukaisha.

Jumatatu moja ya Agosti Imakulata alimpigia simu Robert, mratibu wa mradi.

"Sista, kwa upande wetu majibu yamewasilishwa," Robert alisema.

"Yamewasilishwa kwa nani?"

"Kituoni. Mfumo unaonyesha imekamilika."

"Yamewasilishwa kwenye droo, baba. Droo haina mtoto."

"Tutaleta mshauri mwingine robo ijayo. Uvute subira, Sista."

Alikata simu. Alichukua mkasi wa kukatia bendeji, akakaa sakafuni, akafungua bahasha zote sabini na nne. Hamsini na tano zilikuwa safi. Kumi na nane zilionyesha kinasaba cha mzazi mmoja tu, ambacho hakimuumizi mtoto. Moja ilikuwa na viwili.

Mtoto aliitwa Mwanaidi. Mama yake, Khadija, alijifungulia hapo Februari. Ukingoni mwa fomu halisi, iliyorudishwa zahanati baada ya kunakiliwa, kwa penseli: "Mume Uweso, Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, mwangua nazi." Majibu yalikuwa yamefika zahanati siku kumi baada ya Khadija kuondoka. Mtoto sasa alikuwa na miezi sita, na hakuwa amemeza hata tone la penisilini.

Kesho yake Imakulata alikodi bodaboda hadi Pangani, akavuka kwa pantoni, akauliza kwa Uweso mwangua nazi. Alimkuta mama mkwe barazani, akimkanda mtoto mikono kwa mafuta ya nazi ya moto. Vidole vilikuwa vimevimba, vinang'aa kama maandazi mabichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unauza dawa ya meno, tumeshanunua. Duka la dawa wamesema mtoto anaota meno."

Khadija alitoka ndani, akamtambua. Hakumkaribisha kiti.

"Wewe ndiye uliyemchoma mwanangu kisigino."

"Ndiyo mimi."

"Damu mlichukua ana siku mbili. Leo ana miezi sita. Mlikuwa mnaisoma herufi kwa herufi?"

Imakulata alimweleza yote, na droo na bahasha, bila kujitetea. Mama mkwe aliacha kukanda.

"Ugonjwa huo kwetu haupo," alisema. "Waulizeni huko kwao Khadija."

"Mama, mtoto amepata kimoja kwa Khadija, kimoja kwa Uweso. Hapa hakuna wa kumcheka mwenzake."

"Haya basi, tuko sare," Khadija alisema, huku anamfunga mtoto mgongoni. "Twende hospitali."

Tabibu aliomba barua ya rufaa. Imakulata akamwambia barua ya rufaa ni yeye, akaweka majibu mezani na kitambulisho chake juu yake. Mwanaidi alilazwa siku nne, akatoka na penisilini ya asubuhi na jioni na vidonge vya foliki vya kusaidia damu. Yu hai. Anatambaa. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto bado hakikunjiki vizuri.

Wiki mbili baadaye Imakulata alipokea barua ya onyo kutoka ofisi ya mradi. Alituhumiwa kufungua nyaraka za siri na kutoa taarifa za mgonjwa bila kibali. Barua haikusema kwamba aliyepewa taarifa hizo ni mama wa mgonjwa. Alijibu kwa mstari mmoja: "Ni kweli nilimpa Khadija majibu ya mwanawe."

Septemba aliitwa Raskazone kusaini ripoti ya kituo. Ilikuwa imekwisha kuchapwa. Watoto waliopimwa: 187. Majibu yaliyowasilishwa: 187.

"Saini hapa chini, Sista," Robert alisema. "Na hongera. Yule mtoto wa Pangani tumemweka ukurasa wa pili, kama mafanikio ya mradi."

Imakulata alisoma ukurasa wa pili wote, polepole. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akaandika ukingoni: "Waliopata majibu ni 114. Wazazi 73 bado. Majina na mahali wanapokaa nimeambatisha." Akasaini chini yake.

"Ukingoni hapasomwi," Robert alisema, si kwa ubaya. "Mashine inakata."

"Najua."

Alitoa mkasi kwenye mkoba, ule wa bendeji. Alikata ukingo wenye maandishi yake, akaomba gundi kwa karani, akaubandika katikati ya ukurasa, juu ya nembo ya mradi na namba zote mbili za 187. Akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika, akasimama kando ya mashine ya kunakili mpaka karani alipobonyeza.

Nakala ilitoka vizuri. Aliomba ya pili, akaondoka nayo.