Bi Ndoana na Samaki wa Midomo Midogo

Kule ufukweni walimwita Bi Ndoana, na jina hilo hakupewa bure. Tangu ujana wake alifunga kamba za wavuvi: kamba moja ndefu, vikamba vingi vikining'inia, kila kikamba na ndoana yake. Fundo alifundishwa na baba yake, na kwa fundo hilo alimlea binti yake peke yake mpaka akamwoza. Lakini ndoana ndogo hakuzigusa.

"Ndoana ndogo huvua watoto," alisema. "Ukiwamaliza watoto leo, mwakani utamvua nani?"

Basi mwaka ule samaki wakamfanyia vituko. Mkwe wake, mume wa huyo binti, ndiye nahodha wa mashua ya ukoo. Alitoka na kamba za Bi Ndoana, akarudi na kapu jepesi. Ng'ambo ya njia, wifi wa Bi Ndoana, shangazi wa huyo binti, naye alifunga kamba, ila kwa vindoana kama vya kutundikia pazia. Wateja wake walirudi makapu yamejaa visamaki vya urefu wa kidole.

"Wifi!" mwenye vindoana alipiga kelele barazani kwake. "Hizo ndoana zako za kunasia ng'ombe? Hamia zizini!"

"Na wewe hamia shule ya vidudu, ndiko waliko samaki zako!"

Watu wakacheka. Jioni lakini mkwe alikuja, akakalia ukingo wa kiti kama aliyekalia kaa la moto.

"Mama, usinione sina adabu. Wenzangu mashuani wamenuna. Kesho nikikosa tena, kamba nampelekea shangazi."

Bi Ndoana alijua kamba zile zikihama, nyingine zitafuata, naye atabaki kusimulia kwamba aliwahi kuwa fundi. Kubembeleza hakubembeleza.

"Chambo zitakazorudi kesho usizitupe. Niletee zilivyo, kisha uende unakotaka."

Kesho yake mkwe akazileta kwenye ndoo. Bi Ndoana akakaa kizingitini, akazigeuzageuza. Hakuna iliyomezwa, zote zilikuwa zimegugunwa kandokando, kama muhindi ulioangukia kwa kibogoyo.

"Samaki wapo, baba. Na meno haya ni ya watu wazima. Mwili mkubwa, mdomo mdogo. Ndoana yangu haiwaingii."

"Kumbe shangazi alisema kweli!"

"Kweli gani? Vyake vyembamba. Mkubwa akivuta, kindoana kinanyooka kama sindano."

Akachagua ndoana za kati, zenye waya mnene, akaanza kufunga. Wifi akapita, akachungulia.

"Makubwa haya! Leo umeshuka!"

"Sikushuka, wifi. Nimepima mdomo. Kiatu hakinunuliwi kwa kuangalia tumbo la mtu."

Mashua iliyotoka na kamba hizo iliporudi ilikuwa imezama kwa uzito mpaka karibu na ukingo. Samaki wapana, midomo kama ya kupigia mluzi, wamenaswa midomoni barabara. Wadogo waliopatikana mkwe alikwisha kuwarudisha majini, maana alijua ataulizwa.

Akaja na kamba begani, meno yote nje.

"Mama, zote hizi nifungie za kati!"

"Zote sikufungii. Wa midomo mipana wakirudi utakuja kunililia. Na usubiri zamu." Akamwonyesha rundo jingine la kamba ukutani. "Za shangazi yako zimetangulia. Mwenyewe yumo ndani anakunywa chai, ati wifi hatozwi."

"Usinitangaze!" sauti ikatoka chumbani. "Mimi nimekuja kusalimia tu!"