Kiberiti Kando ya Unyayo

Shangazi yangu anaishi kijijini Busi, nami nafanya kazi za wanyamapori mjini Dodoma. Ndugu wakiona unyayo porini hunitumia picha. Mara nyingi huwa ni wa mbwa.

Asubuhi moja, msimu ule mvua zilipochelewa, picha ya shangazi iliingia kwenye simu nikiwa ofisini. Unyayo mmoja tu, kwenye mchanga wa korongo, bila kitu chochote pembeni. Ungeweza kuwa wa paka pori. Nilimpigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umeuona?"

"Nimeuona, lakini sijui ukubwa wake. Uko hapo bado?"

"Nipo. Natoka kuchota maji."

Nilimwomba aweke kiberiti kilale kando ya unyayo, kisha aishike simu juu yake, iangalie chini moja kwa moja, maana picha ya kupigwa kwa upande hudanganya. Alituma mbili, za nyayo mbili tofauti.

Viberiti vya aina ile vilikuwapo hata pale ofisini. Nilikipima kimoja kwa rula, nikachora mstari kwenye kompyuta juu ya kiberiti cha picha, mwingine juu ya unyayo, nikalinganisha. Unyayo ulikuwa mpana kuliko kiganja changu. Haukuwa na alama za kucha. Fisi angeziacha. Huyu alikuwa simba.

Nikapima wa pili. Ulikuwa mdogo zaidi, dhahiri. Nikarudia, jibu likawa lilelile. Basi walikuwa wawili, au zaidi. Halafu nikaona kitu ambacho rula haikuhitajika kukiona: unyayo ule mdogo ulikuwa umekanyaga juu ya alama ya kandambili.

Nilipiga tena. "Shangazi, hizo kandambili ni za nani?"

"Za jirani yangu. Tumepita hapa sasa hivi tukienda kisimani, huku huku korongoni."

"Yuko wapi?"

"Amebaki na punda, anajaza dumu la mwisho." Nadhani alielewa kabla sijasema kwamba simba walipita baada yao.

"Mwite. Usimfuate. Mwite kwa sauti, kisha kimbilia kwa watu."

Nilimsikia akiita. Aliita tena na tena. Hakuna aliyeitika. Kisha punda akalia, sauti ndefu iliyokatika katikati, na simu ikafa.

Baadaye niliambiwa kwamba shangazi alikimbilia kijijini, na wanaume wakashuka na mapanga na madebe. Walimkuta yule jirani juu ya mgunga, viganja vimechanwa na miiba, hawezi kusema. Punda alikuwa chini ya mti huohuo. Simba walikuwa wamemla nusu.

Askari wa wanyamapori walifika mchana. Walifuata nyayo mpaka kwenye majabali, zikaishia hapo, maana jiwe halishiki alama. Waliwaambia watu wasiende korongoni. Lakini maji mengine hayakuwapo.

Nilimsihi shangazi aje mjini. "Na mbuzi niwaachie nani?" aliniuliza, kisha akabadilisha mazungumzo.

Mwezi uliofuata nilikwenda kumwona. Jirani alikuwa hashuki tena kisimani. Wenzake walimletea maji. Niliongozana na kundi la wanawake, wakigonga madebe, hata wakicheka. Tulipofika kwenye kona yenye ule mgunga, vicheko vikakatika, vyote kwa pamoja, bila mtu kuambiwa. Hata madebe yalinyamaza. Shangazi alinishika mkono, akawa anatazama majabali, na hakuniachia mpaka tulipopita.