Namba Tatu, Namba Nne, Namba Tano

Wiki iliyopita nilipita nyuma ya karakana ya fremu za picha, hapa mtaani Kamwokya, nikakutana na harufu ya gundi ya unga wa muhogo, ile inayopikwa sufuriani na kuachwa ilale mpaka ichachuke. Nikasimama. Mwingine angeziba pua. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya maktaba, na ya jambo nililolifanya nikiwa na miaka kumi na mitatu ambalo sijawahi kulisimulia lote.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa. Aliyeisimamia alikuwa mama Mkenya, tukimwita Madamu Adhiambo, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Kwa sisi vijana alikuwa na utaratibu wake: hukuchagua kitabu. Uliketi mbele yake, akakuuliza kwa sauti ya chini mambo yasiyohusu vitabu hata kidogo. Wiki hii nani amekuudhi? Ukiwa peke yako huwaza nini? Kisha aliingia nyuma ya kabati, akarudi na kitabu kilichofunikwa kwa karatasi ya khaki, kimegundishwa pande zote, hata ukurasa wa jina umebandikwa kwenye jalada. Juu yake palikuwa na namba tu, kwa wino mwekundu. Masharti yalikuwa mawili: usibandue, na usimuulize mwenzako amepewa nini.

Niliamini kwamba anayefunika kitu ana anachoficha. Vitabu vyangu vilikuwa vizuri, havina lolote la aibu, na hilo ndilo lililozidi kunitia shaka. Nikaanzisha daftari. Kila Jumamosi niliandika nani amekuja, amekaa muda gani, ameondoka na namba gani.

Katika orodha hiyo alikuwemo Zuhura, binti wa mama yangu mkubwa, miaka kumi na saba, aliyeletwa kwetu kutoka Jinja mama yake alipofariki. Zuhura alikuwa ameshakhitimu Kurani. Nilipokosea kisomo sebuleni, alinisahihisha kutoka jikoni huku anamenya ndizi. Nyumbani kwetu aliyekhitimu ni msomaji, basi. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Namba za wengine ziliruka ovyo: arobaini na moja, kumi na saba, sitini. Za Zuhura zilifuatana. Tatu, nne, tano. Nikakata shauri kwamba hiyo ni hadithi moja ndefu ya mapenzi, anapewa kipande kwa kipande. Ushahidi nilikuwa nao. Alisoma amegeukia ukutani, midomo inacheza, na nikiingia hufunga kitabu.

"Kinahusu nini hicho?" nilimuuliza.

"Aisha, siku hizi wewe ni polisi? Nenda kaoshe masufuria."

Ningemwacha, lakini baba yangu, aliyeuza mabeseni sokoni Kikuubo na kurudi kila jioni na visa vya mabinti walioharibika, alikuwa ametuonya: siku akikuta upuuzi ndani ya nyumba yake, maktaba imekwisha, kwetu sote wawili. Nilihesabu haraka. Akigundua mwenyewe, nitaangamia na Zuhura. Nikitangulia kumfichua mimi, nitabaki na Jumamosi zangu.

Jumapili moja tukiwa na wageni nilikitoa kitabu chini ya godoro la Zuhura, nikamwekea mama mapajani. "Mama, tazama anachosoma Zuhura."

Mama alibandua khaki kwa ukucha. Palikuwa na kuku na vifaranga watatu, na chini yao maneno manne ya Kiingereza kwa herufi kubwa kama dengu. Kilikuwa kitabu cha darasa la pili.

Mjomba ndiye aliyeanza. "Kale, haya basi, msomi wetu. Umefika wapi, kwa kuku au kwa vifaranga?"

"Bambi, maskini, mwache," alisema shangazi, naye anacheka.

Zuhura alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Alimimina vikombe vyote, hakumwaga hata tone. Kisha akachukua kitabu chake mapajani mwa mama na kujaribu kurudisha karatasi mahali pake.

Jumamosi iliyofuata alinipa nikirudishe mimi. Madamu alipapasa gundi mpya.

"Nani alikifungua?"

Nikamwambia. Nikaongeza kwa haraka, "Nilidhani ni cha mapenzi."

"Na kingekuwa cha mapenzi?"

Hakunifukuza. Aliniuliza maswali yake kama kawaida, akanipa kitabu changu, halafu akasema, "Mwambie Zuhura namba sita iko tayari."

Nilifikisha ujumbe. Zuhura alikuwa anafua. "Mwambie nina nguo nyingi," alisema. Jumamosi iliyofuata akasema hivyo hivyo. Mara ya tatu Madamu hakuagiza tena.

Daftari langu lilikuwa sahihi: siku, namba, dakika, vyote nilivipata. Nilijua kwamba kuna kinachofichwa. Sikujiuliza hata mara moja kinafichwa kwa ajili ya nani, wala sikuwaza kwamba karatasi ile tulivalishwa sote, hata sisi tusioihitaji, ili anayeihitaji asionekane.

Zuhura sasa ana nyumba yake Makindye, na tunapendana. Kwa miaka mingi nilimwandikia kwenye simu, naye akanijibu kwa sauti, ndefu, yenye vicheko na makelele ya masufuria. Nilidhani anapenda kuongea. Mwaka jana binti yake mdogo, bila kujua anasema nini, aliniambia kwamba ujumbe wangu yeye ndiye humsomea mama, wote, hata ule niliomwandikia kuhusu uvimbe wangu.

Tangu siku hiyo namtumia sauti, hata kwa jambo la maneno mawili. Hajaniuliza kwa nini.