Kofia ya Kromu

Nimefunga vitu kwenye majani ya mgomba tangu nikiwa mtoto kule Muleba. Samaki wa kutoka Bumbire, ndizi, maharage, hata sabuni. Jani lina kanuni moja: kabla ya kulikunja, libabue motoni kidogo. Likilainika linazunguka chochote. Usipolibabua, linapasuka. Hiyo ndiyo shule niliyosoma, na huko sikuwahi kufeli.

Kwa hiyo mjukuu wangu alipokaa barazani kwangu Kitendaguro akihangaika na visanamu vyake, niliona mtu asiyejua kufunga.

Ni askari wa plastiki, warefu kama kidole, wanakunja mikono na magoti. Anawaokota kwenye mafungu ya mitumba, huyu hana mkono, yule kachubuka uso. Anawatengeneza, kisha anawavisha stika ya kromu, ile inayong'aa kama kioo ambayo vijana wa bodaboda wanabandika kwenye matangi ya pikipiki. Jumamosi ile shuleni kwake, Kahororo, wazazi walikuwa wanakuja kutazama kazi za mikono, na yeye alijiandikisha kupeleka askari watano. Wanne walikuwa tayari. Wa tano, mkubwa wao, alibaki kichwa wazi. Kofia yake ni ya duara, na kila stika aliyoibandika pale ilifanya makunyanzi kama shavu langu.

Alhamisi asubuhi akaniambia, "Bibi, kimebaki kipande kimoja. Naenda shule. Usikiguse."

"Nikiguse nikitafuta nini?"

Nilikigusa. Jiko lilikuwa na makaa, mikono yangu ina akili yake. Nikakipitisha juu ya moto kama jani, mara moja, mara mbili. Mara ya pili kilijikunja kama senene kwenye kikaango, kikageuka rangi ya majivu.

Aliporudi nilimwonyesha mwenyewe. Sikusingizia paka. Hakulia. Aliwapanga askari wote kwenye boksi la viatu, akamtoa yule mkubwa, akamweka dirishani peke yake.

"Nitapeleka wanne."

"Utapeleka watano."

"Bibi, basi."

Nimezika mume, nimelea watoto sita, lakini ile "basi" ilinikalia kooni usiku mzima kama mwiba wa samaki.

Ijumaa, kabla umande haujakauka, nilikuwa mjini kwa fundi wa stika. Kijana, kapiga magoti mbele ya pikipiki.

"Shikamoo, mama. Pikipiki yako iko wapi?"

"Marahaba. Yangu ina miguu miwili na kofia." Nikamtoa askari kwenye kanga.

Alicheka mpaka kisu kikamdondoka. Nikasubiri amalize. Nikamwonyesha na kile kipande cha majivu.

"Nani aliyeichoma hivi?"

"Mimi. Sasa nifundishe."

Akanifundisha. Kromu haitaki moto, inataka joto. Ikiungua, au ukiivuta sana, inapofuka, mng'ao unaisha, na ikishapofuka haioni tena. Yeye anatumia mashine ya kukaushia nywele. Kwangu hakuna mashine hiyo. Akanipa kipande alichobakiza, kama kiganja changu. "Mama, hiki ndicho cha mwisho. Nyingine inatoka Mwanza wiki ijayo." Nilikibeba kifuani mpaka nyumbani.

Alipotoka shule jua lilikuwa bado lipo. Alikuta nimeweka mezani kikombe cha bati kilichojaa maji yaliyochemka, nje nimekifuta kikakauka. Kipande kilikuwa kando. Sikukigusa.

"Utakiegemeza kwenye kikombe," nikamwambia, "kikilainika, unaanzia utosini, unashuka. Usivute. Sukuma kwa kidole gumba, kama unafunga samaki usiyetaka avunjike."

Akaweka kipande kwenye bati. Kikalegea taratibu, bado kinang'aa. Kisha akanisogezea askari.

"Funga wewe. Mimi nitashika miguu."

"Nikiharibu?"

"Utakuwa umeharibu mara mbili. Funga."

Nilifunga. Utosi ukashika, mbele ikashika, masikio yakashika. Nyuma makunyanzi yote yalikusanyika mahali pamoja, pale pale ambapo kwenye jani ningepitisha kamba. Nikayabana, yakabaki mstari mmoja mnene. Nilitaka kuurudia. Akanishika mkono. "Acha, bibi."

Jumamosi nilivaa gomesi. Askari watano walisimama kwenye meza, mkubwa katikati, madirisha yote ya darasa yakionekana kwenye kofia yake. Mama mmoja aliyevaa hijabu akauliza, "Hiki ni chuma?" akamnyanyua amgeuze.

"Usimgeuze," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Mwache ageuze," mjukuu wangu akasema. Akaweka kidole kwenye ule mstari wa kisogoni. "Hapa ndipo bibi yangu alipofungia."