Bwana wa Ngome na Kahawa ya Ansab

Mwaka wa pili tangu tutoke Unguja, ami yangu alinichukua na wazee watatu hadi kijiji cha Ansab kuomba roho ya mtu. Kijana mmoja alikuwa amemchoma binamu yake jambia wakigombea zamu ya maji ya shamba, akamuua. Baba wa marehemu alikula yamini kwamba atamchinja kwa mkono wake. Mwanawe wa pili, aliyebaki, alikaa mlangoni na bunduki mapajani.

Tukaletewa kahawa. Mie dalali wa vitambaa sokoni Matrah. Cha bure sikiachi. Nikanywa. Kumbe wenzangu vikombe wameviweka chini. Huku, mwenye haja hanywi mpaka akubaliwe. Akinywa, haja yake kaifuta.

Ami akanifinya paja. "Balaa wewe!"

"Mwenzenu ameshakunywa," akasema yule mzee aliyefiwa. "Basi mlikuja kunisalimia tu. Kwaherini."

Dalali hafungi duka kwa neno la kwanza. "Sheikh, haja sina tena," nikasema. "Nna hadithi tu."

"Itoe."

Nikamtolea niliyosomeshwa skuli, ya bwana mmoja wa Ulaya ya zamani, mwenye ngome, wana watatu wa kiume na binti mmoja. Mtoto wa nduguye alimuulia mwanawe mkubwa mawindoni. Mapadri wakaja kusuluhisha, bwana akawafungulia mbwa. Akaichoma ngome ya muuaji na watu ndani, hata wapishi. Muuaji mwenyewe hakuwamo. Naye akamvizia yule mwana wa pili, akampelekea baba kichwa ndani ya kapu la matufaha. Wa tatu, ndevu hana, akavishwa deraya, vazi la vita la chuma, akalipize kisasi. Farasi akamwangusha mtoni, chuma kikamzamisha. Bwana akapigwa mshale wa tumbo, akaoza kitandani akiwa hai.

"Na binti?" mzee akauliza.

"Akaburutwa kwa nywele, akaozwa muuaji."

"Hakuwa na wa kumtetea?"

"Wote walishazikwa, sheikh. Ngome ikawa ya muuaji, na wajukuu wa bwana wakamwita yeye baba."

Nyuma ya pazia, kwa wanawake, mtu alijikwaa kwenye sinia. Mzee hakugeuka. Alimtazama mwanawe pale mlangoni, akamtazama tena.

"Kunyweni," akawaambia wenzangu. "Nimemsamehe. Lakini ahame, nisimwone."

Ami hajakifikisha kikombe mdomoni, yule mwana keshasimama.

"Baba! Damu ya kaka yangu kwa ngano za makafiri?"

Kitako cha bunduki kikanipata mdomoni. Mzee akaushika mtutu kwa mkono mmoja, kwa wa pili akamzaba mwanawe kofi lililomkalisha chini. "Nimeshasema!"

Njiani nilitema damu, nikapapasa kwa ulimi, nikarudia kupapasa.

"Mangapi?" ami akauliza.

"Mawili."

"Pole, mwanangu."

"Roho ya mtu kwa meno mawili, ami? Mie ningefika hata manne."