Kanisa Lililonishinda Ubishi

Mdogo wangu Mwakio alinipigia simu kutoka nyumbani Wundanyi kuniuliza, kwa mara ya tatu, kama wanaweza kulipanua kanisa letu. Alilijenga Baba, jiwe kwa jiwe, na kwetu kazi ya marehemu haiguswi mpaka kifungua mimba wake akubali. Kifungua mimba ni mimi, na mimi ni mbishi. Nilimjibu kwamba Waingereza wana makanisa ya mamia ya miaka na hawajayagusa. Nikaapa kwenda kumletea ushahidi.

Jumamosi asubuhi nilitoka mtaani kwangu Kingstanding, huku Uingereza, kwa basi, macho mazito kwa zamu ya usiku katika nyumba ya wazee. Mjini nilimkuta rafiki yangu Mama Furaha, Mkongomani wa mtaa wa Ladywood, tukapanda treni. Nikitazama malisho na kondoo, nilimkumbuka Baba akichonga mawe uani, vumbi jeupe kwenye nyusi, akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani.

Saa tano tulifika kijiji kimoja chenye kanisa la kale. Kanisa lenyewe ni dogo, la mawe mekundu, lina mnara mnene na makaburi pande zote. Nikapiga hodi. Kimya. Kwetu huingii kanisani bila mwenye ufunguo, kwa hiyo tukasimama kwenye manyunyu nusu saa nzima.

"Dada, tunangojea nani?" akauliza Mama Furaha.

"Mwenye ufunguo."

Mara akaja bibi mmoja wa Kizungu, mtunzaji wa kanisa, amekumbatia maua. Akausukuma mlango kwa kiwiko, ukafunguka. "Mchana huwa haufungwi," akasema. Mama Furaha alicheka mpaka akajishika kiuno.

Ndani kulinukia nta na mbao za kale. Kwenye nguzo moja niliona alama ndogo iliyochongwa kwa patasi, sahihi ya fundi. Baba naye alikuwa na yake. Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha.

"Na hamjaligusa tangu lijengwe," nikamwambia yule bibi, najivuna utadhani ni langu.

"Hatujaligusa? Njoo uone."

Tao la mviringo la mlangoni, alisema, ndilo la kwanza. Madirisha marefu yenye ncha yaliwekwa na wajukuu wa waliolijenga. Mnara uliongezwa na vitukuu. Kisha akasimama kwenye safu ya nguzo upande wa kaskazini. "Hapa palikuwa na ukuta. Watu walizidi, wakautoboa."

"Na waliokuwa wameujenga?"

"Wamelala hapo nje. Mpaka leo hawajalalamika."

Ushahidi wangu wote ulikuwa upande wa Mwakio.

Alasiri, kwenye treni ya kurudi, nilimpigia. "Toboeni ukuta wa kaskazini. Mlango wa Baba uacheni."

Alishusha pumzi. "Asante, Dada. Sasa Mama atapata pa kukaa wakati wa ibada."

"Kwani hukaa wapi?"

"Nje, chini ya dirisha, tangu mwaka jana. Ndani pamejaa. Alitukataza tusikwambie, eti utaumia kuona kazi ya Baba inavunjwa."

Nilikuwa nimekwenda kuyatetea mawe ya baba yangu, kumbe mama yangu ndiye niliyemweka nje.